Nduma Nilizoweka Sugoi

Machi 9, Jumapili

Mama Linet, wewe ni mtu wa aina gani? Krismasi ya mwaka juzi ulikula kwangu, ukafunga leso yako, ukaenda, na tangu hiyo siku sijaona hata kisigino chako. Mgonjwa wewe si mgonjwa, nimeuliza. Kufa hujafa, ningeitwa nije kupika. Kutoka Sugoi mpaka hapa Yamumbi si safari ya kubebea blanketi. Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nitakuandikia hapa, siku nikiwa na nguvu, na siku ile utakuja utasoma yote kabla sijaweka chai motoni. Mwandiko ukikushinda, Linet wako si ni mwalimu? Akusomee.

Hii shajara duka la mbolea lilimpa mwanangu Gerishon mwaka mpya. Ana simu, anasema ya karatasi haimsaidii. Mimi darasa sikuingia hata siku moja, unajua. Kusoma nilijifunzia kwa kitabu cha nyimbo cha kanisa, kwa hivyo ukiona ninarudia neno kama kiitikio, vumilia.

Baada ya ibada nimeshuka kijitoni. Maji yamekonda, mtu anaruka bila kukunja sketi. Nduma za mama yangu zimesimama kwa matope yaliyopasuka, na majani yale, ambayo moja lilikuwa linatosha kufunika sufuria ya mazishi, sasa yamejikunja pembeni kama chapati ya jana. Hizo unazijua, si magimbi ya sokoni: ziko na doa la zambarau katikati ya jani, pale bua linaposhika, kama kitovu. Mama alizitoa Murang'a zikiwa zimefungwa kwa kitambaa chenye maji, akazishika mapajani njia yote. Hapa kwetu hakuna mtu mwingine aliye nazo.

Isipokuwa wewe.

Na wewe ndiye ulinifundisha. Ulileta ule ng'ombe wako mwekundu ukamwacha zizini kwangu, ukaniambia kwenu mtu haweki ng'ombe wote boma moja, kwa sababu ugonjwa ukiingia huku, wengine wanaishi kule. Anayetunza anakunywa maziwa. Mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe, na siku akija kuchukua haulizwi kwa nini. Mimi sikuwa na ng'ombe wa kuwekesha, nikakuwekesha nduma. Ulicheka mpaka ukashika mlango. Lakini ulizipanda kando ya mto wenu. Halafu mwaka wa vurugu za uchaguzi ukafika, tukakimbia. Tulipotoka kambini tulikuta hapa pamekanyagwa, hata jani hakuna, na wewe ukaja kwa miguu na gunia mgongoni, ukapita kila mtu bila salamu, ukashuka kijitoni ukaanza kupanda. Kwa hivyo usinifanye niulize mara mbili mahali uko.

Machi 15

Hakuna mvua. Mke wa Gerishon, Namalwa, ameona kwa simu yake watu wanapanda nduma mbali na mto. Wanachimba mtaro, wanatandika karatasi ya nailoni, wanajaza udongo na samadi, na maji yanakaa hapo kama kwenye beseni. Anataka kuchimba mmoja nyuma ya zizi. Nimemwambia nduma si maziwa ya paketi. Ameenda kuchimba.

Machi 22

Vumbi. Nimefagia ua mara mbili na bado ni vumbi.

Machi 30, Jumapili

Imenyesha! Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri, mabati yakaanza kupiga kelele, na hakuna aliyemsikia tena. Nimelowa njia yote na sikukimbia.

Aprili 6

Nimepanda upya. Zile kubwa nimekata kichwa, nikabakisha bua kidogo juu, nikazitia matopeni mpaka shingoni. Gauni langu la kijani sasa lina madoa meusi ya utomvu. Halitatakata tena. Mikono inawasha kama nimeshika siafu. Zile zilizotoka hafifu, nyembamba kama vidole vya mtoto, nilizitupa kando kwenye lundo la magugu. Nimepita jioni nikaona Namalwa anaziokota, anaziweka kwa karai. Nimemuuliza anapeleka wapi wagonjwa hao. Amesema kwa mtaro, mbegu nzuri si nimemnyima. Ni kweli nimemnyima. Mbegu ya mama yangu haitalala juu ya nailoni nikiwa hai.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Nimekupigia simu. Imeita.

Aprili 27

Mahindi yametoka. Simu sijapiga, ni zamu yako.

Mei 11

Ningekuwa na simu ya picha ningekutumia. Mama Linet, kijitoni ni kama watu wamefungua miavuli. Mvua ikipita, maji yanabaki katikati ya jani, tone moja linazunguka bila kulowesha kitu, na ukigusa bua linaruka linaenda. Nimesimama hapo nikiligusagusa mpaka Gerishon akauliza kama nimepoteza kitu. Vyura wamerudi. Nimefikiri vile ungesema, kwamba majani haya ni kazi bure kama ng'ombe hayali. Kila mwaka unasema hivyo. Mwaka jana hukusema.

Mei 24, Jumamosi

Leo sina mkono wa kuandika lakini nitaandika.

Saa nane mchana kulikuwa na jua. Saa nane na nusu upande wa Sugoi, upande wako, ukawa mweusi, kisha ukageuka rangi ya sufuria kuukuu, na baridi ikashuka ghafla, na kuku wakaingia wenyewe bila kuitwa. Nikajua. Mvua ya mawe ilianza na vidogo kama maharagwe. Halafu vikaja kama karanga na maganda yake. Gerishon alikuwa ananiambia kitu kwa mdomo mkubwa, amesimama karibu na mimi kama hiki kiti, na sikusikia hata neno. Mabati yalikuwa yanapigwa na watu wenye hasira. Mahindi yaliyokuwa yamefika magoti yakawa kama nyasi zilizopita mbuzi. Ua lote likawa jeupe.

Kama ingekuwa mawe peke yake ningevumilia. Jani la nduma likichanika, nduma yenyewe iko chini, inatoa lingine. Lakini huko juu yetu sasa kumejengwa nyumba za kupangisha mpaka barabarani, kila paa linamwaga kwa njia, njia inamwaga kwa mfereji, na mfereji unamwaga kwetu. Maji yalikuja kijitoni na udongo mwekundu wa murram, na mawe, na beseni la mtu, na mlango wa choo. Nilivaa gunia kichwani nikashuka. Namalwa alinifuata akiniita. Nilipofika chini hapakuwa na kijito, palikuwa na mto mwekundu. Nilisimama nikaona shamba la mama yangu likiondoka. Bua moja moja, na mizizi juu, kama watu wanaobebwa.

Maji yalipopungua niliingia. Pale penye matope meusi ambayo nimeyalisha samadi miaka yote hiyo, pamebaki udongo mgumu mweupe, umepanguswa kama meza. Nimechimba kwa jembe, nimechimba kwa mikono. Nimepata vipande viwili, vyote vimepasuka mpaka moyoni, vinanuka. Namalwa aliingia ndani na viatu vyake vya kanisa, akanishika kiuno kama anashika mtoto anayeoga.

"Mama, toka. Hizi zimeenda. Wewe usiende nazo."

Nimetoka. Ameniosha miguu kwa maji ya moto na sikumzuia.

Ule mtaro wake wa nailoni umejaa barafu na matope, na vile vidude vimekatwa mpaka chini. Hivyo hata sivihesabu.

Mama Linet, imebaki ya kwako peke yake.

Mei 26

Nimekupigia asubuhi, mchana na jioni.

Mei 31

Nimemtuma Gerishon kwako na gunia tupu, aulize kwa adabu. Amerudi na gunia tupu. Ameniambia hukuwa nyumbani. Nikamuuliza aliona nini. Ameona chai motoni inachemka na kikombe kimoja kimemiminiwa nusu, na leso yako mlangoni, na mlango wa nyuma unacheza bila upepo. Gerishon ni mtoto mzuri, hakutaka kusema umejificha. Mimi nasema. Umejificha usionwe na mtoto niliyekuachia umbebe mgongoni wakati nilikuwa hospitali.

Mwenye mali akija, haulizwi kwa nini. Hayo ni maneno yako, si yangu.

Juni 8

Baridi. Maharagwe yameoza shambani. Gerishon amepanda mahindi tena mahali yaliisha. Mimi sijashuka kijitoni.

Juni 15, Jumapili

Baada ya ibada tulikaa na kina mama wa kikundi. Tryphosa, yule wa duka la kona, aliuliza kwa nini siimbi siku hizi. Nikamwambia, mimi mjinga, kuhusu nduma na wewe na chai iliyokuwa inachemka. Akavuta mdomo akasema kwani nilitegemea nini, watu hao ndivyo walivyo, ukiwapa kitu wamekimeza.

Nilimwambia afunge huo mdomo. Nikamuuliza mwaka ule, siku tulilala kanisani na watoto, unga uliopikwa usiku wa pili ulitoka kwa nani. Alijua. Na nikamwambia kwamba Mama Linet mimi ndiye nina ruhusa ya kumtukana, nimeilipia kwa miaka mingi, lakini yeye Tryphosa hana. Amekasirika. Atapona.

Lakini nimefika nyumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Kwa sababu, wacha nikuambie ukweli kwa kuwa utausoma, neno lake lilikuwa limeingia. Lilikaa kwa kifua kama nduma isiyoiva, linawasha. Nilijiuliza kama labda mali ikikaa kwa mtu sana inakuwa yake. Nilijiuliza hivyo juu yako. Unaona mahali kujificha kunatufikisha?

Juni 21, Jumamosi

Linet amekuja. Ametoka shuleni kwake Kimumu baada ya masomo ya Jumamosi, na chupa ya mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha, ndani ya mkoba wa vitabu, na uso wa mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimepanga kumnunia. Nimeshindwa, amekonda, nikampa chakula kwanza.

Alikula, akasukuma sahani, akasema hukumtuma. Kwamba ukijua amekuja utamchapa na umri wake huo. Halafu akanieleza. Kwamba vijana wako walipanda miti ya blugamu kando ya mto wenu, kwa sababu nguzo zinauzwa, na blugamu zikanywa mto kama wanaume harusini. Kwamba maji yalianza kurudi nyuma, na wewe ukawa unabeba ndoo jioni kunywesha nduma zangu, na goti lako hilo. Kwamba kiangazi cha mwaka jana zilikauka zote, na ulichimba mpaka ukakuta mizizi ya blugamu imezishika kama ngumi, na ndani ni unga mtupu. Na kwamba ulikaa hapo mpaka Kiplimo, kifunga mimba wako, akaja kukuinua.

Nikamuuliza Linet, sasa kwa nini hakuja kuniambia? Mwaka mzima na nusu?

Linet alitazama chini ya meza. "Mama anasema ng'ombe wa mtu akifa kwako, unapeleka ngozi. Mwenyewe anaiona, anajua hukumuuza, hukumchinja. Sasa nduma ikikauka atakuletea nini? Anasema hawezi kuja kwa mwenye mali na mikono mitupu, na mdomo peke yake."

Mama Linet. Nimecheka mpaka nikashika meza. Namalwa alikuja mbio kutoka jikoni akifikiri nimepaliwa. Nimecheka, kisha sijui ilikuwa saa ngapi kicheko kikageuka, nikawa nalia na mtoto wa watu ananishika mkono.

Maana nilikumbuka. Ng'ombe wako mwekundu alipofura tumbo akafa hapa kwangu, niliikunja ile ngozi, nikaibeba mpaka Sugoi, na harufu yake, watu wakinipisha njiani. Nikaitandaza mbele ya mlango wako. Wewe hukuitazama hata. Uliniletea kiti. Nilidhani ni upole wako. Kumbe kama singekuwa na ile ngozi, mimi pia ningekukimbia kwa mlango wa nyuma.

Nani alikuambia nduma ina ngozi? Mimi ni Mgikuyu. Kwetu nduma ikifa, tunasema nduma imekufa, tunakaa chini, tunakunywa chai.

Nilikuwa nimeandaa matusi mazuri sana ya kukuambia. Yote yameharibika.

Juni 22

Nimemtafuta Tryphosa kanisani nikamweleza yote. Aliuliza goti lako linaendeleaje. Nimekuambia atapona.

Julai 5

Mvua, ukungu, mvua. Kwa hivyo sasa mbegu ya mama haiko kwako na haiko kwangu. Ile ya Murang'a ilimalizika zamani, kaka zangu walipanda majani chai mpaka mtoni. Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Julai 12

Namalwa ameniita nyuma ya zizi. Kuna kitu kijani.

Julai 19, Jumamosi

Sikutaka kuandika mpaka nihakikishe, na leo nimehakikisha, nimepiga magoti kwa matope na miwani ya Gerishon.

Yale mawe yalipoyeyuka, maji hayakuenda mahali kwa sababu ya ile nailoni, na samadi ilikuwa chini, na ukuta wa zizi unakinga upepo. Wale wagonjwa niliowatupa kwa lundo la magugu wamekaa hapo giza la matope wiki zote hizo wakijipanga. Sasa wametoa. Jani la kwanza linakuja limeviringwa kama barua, halafu linafunguka polepole, siku mbili hivi. La leo limefunguka lote. Katikati, pale bua linaposhika, kuna doa la zambarau.

Nilibaki hapo chini. Sikutaka kuinuka. Namalwa alisimama juu yangu na mwavuli, halafu akashindwa kujizuia.

"Mama, sasa nailoni imeruhusiwa?"

Nimemwambia anishike mkono niinuke na aache maneno. Lakini nikiwa nimeinuka sikuuachilia huo mkono mpaka tukafika jikoni. Miaka sita yuko hapa na nimekuwa nikimwita mke wa Gerishon. Nilipoanza kuandika hapa nilimwita hivyo, ukirudi nyuma utaona. Huyu ni mtoto wangu. Alienda kuokota nilichotupa.

Julai 20, Jumapili

Nimeimba.

Agosti 3

Nimemtumia Linet maagizo ya kukupa, kwa kuwa wewe simu yako ni ya mapambo. Kiplimo achimbe mtaro nyuma ya jikoni yenu, mbali na blugamu, mahali maji ya paa yanashuka. Kina cha jembe moja na nusu. Nailoni ngumu, ile ya kufunika nyasi za ng'ombe. Samadi iliyokaa, si ya jana. Namalwa ndiye alikuwa ananisomea vipimo na mimi naongea kwa sauti kama nimevijua tangu kuzaliwa.

Agosti 10

Kiplimo ametuma picha. Mtaro umepinda kama nyoka, lakini uko.

Agosti 23, Jumamosi

Umepiga simu! Wewe mwenyewe!

Uliuliza mvua. Nikakuambia inanyesha. Ukauliza mahindi, Gerishon, Namalwa, ng'ombe, mchungaji, mpaka paka uliuliza. Nikakujibu wote. Halafu nikasikia jogoo wako huko. Ukasema, "Kiplimo amechimba shimo nyuma ya jikoni, sijui la nini." Nikasema labda anapenda kuchimba. Ukasema labda. Ukasema basi, nikasema basi, na hakuna aliyekata.

Tumezeeka, lakini akili hatujapata.

Septemba 7, Jumapili

Mtaroni hakuna nafasi ya kuweka mguu. Kila shina mama limetoa watoto pembeni, wamesongamana, majani ya mmoja juu ya mwingine, na asubuhi kila jani lina bonde lake la maji. Nduma yenyewe bado haijakomaa, hatutakula mpaka mwaka ujao, na ukiniomba nichimbe moja tuonje nitakupiga mwiko. Lakini watoto wako tayari kuhama. Mvua zinaanza kupungua. Wakikaa wiki mbili tatu zaidi ardhi itakauka kabla hawajashika.

Gerishon alitaka kukuletea kwa pikipiki. Nimekataa. Nduma za kuwekesha haziletwi na boda boda, zinachukuliwa na anayekwenda kuzitunza, mbele ya macho ya mwenyewe. Nusu zinabaki hapa, nusu zinaenda Sugoi, kama mwanzo. Na safari hii nataka Namalwa aone tunavyofanya, kwa sababu siku moja itakuwa yeye na Linet.

Kwa hivyo sikiliza, ukurasa huu Namalwa ataupiga picha amtumie Linet akusomee. Njoo Jumamosi hii, kabla jua halijapata nguvu. Vaa viatu vya gambuti vya matope na nguo ambayo huipendi. Usibishe mlango wa mbele, hatutakuwa ndani, na usianze kunieleza kitu chochote, nimeshaelezwa. Zunguka nyuma ya zizi. Kuna kigoda nimekuwekea kwa sababu ya goti. Kaa, ingiza mikono matopeni, na uchague mwenyewe wale wenye nguvu zaidi. Ukiniachia mimi nikuchagulie, nitakosea tena.